Shajara ya chaparaki: tangu mto haujaganda mpaka Ysyakh

Oktoba 12

Naanza kuandika leo maana kazi nimeianza wiki iliyopita na tayari nshaanza kusahau mwalimu wangu Ebee alisema nini siku gani, na huko nyumbani Unguja kila nikipiga simu naulizwa huko Yakutsk, Siberia, ukitoka darasani unafanya nini na baridi yote hiyo. Jibu ndo hili, nashona chaparaki.

Chaparaki ni kitambaa cha kumvika farasi siku ya sherehe, kinakaa mgongoni nyuma ya tandiko na kinashuka mapajani huku na huku. Wasakha, wenyeji wa huku, ndo hao wengine wanawaita Wayakuti, zamani walimpamba hivi farasi wa bibi harusi anapopelekwa kwa mumewe, na pamoja nacho kuna kichimu, vile vitambaa viwili vya ubavuni chini ya tandiko. Pindo lote linadariziwa, linatiwa shanga, na waliojaliwa walitia na vibati vya fedha vya masonara wao. Yaani farasi anapambwa kuliko sie wengine tulivyopambwa siku ya ndoa.

Mwalimu wangu ni bibi mmoja wa upande wa Churapcha, ng'ambo ya mto Lena. Namwita Ebee kama wajukuu zake, ndo bibi kwa Kisakha, na yeye ananiita tooyuom, kama kusema mwanangu. Ana miaka 76. Siku ya kwanza nilimpelekea kofia aliyoshona marehemu bibi yangu Unguja, ile ya mkono yenye vitobo vidogo vidogo inayokula miezi, nikajua ataishika ataisifia bas. Hakuitazama mbele kabisa. Akaigeuza ndani nje, akavaa miwani, akapitisha ukucha taratibu kwenye mishono ya nyuma, mstari baada ya mstari, mpaka akamaliza mzunguko mzima, akasema "uchugei", nzuri, halafu akaniomba nimwachie ikae kwake kidogo. Ipo kwake hadi leo, juu ya televisheni.

Mpango wenyewe ni mambo mawili. La kwanza nishone chaparaki moja kamili, sufu nyeusi katikati na pindo jekundu, sentimita 118 kwa 64, iwe tayari Juni kwa Ysyakh, ndo sikukuu yao kubwa ya kuupokea msimu wa joto, inakuwa karibu na tarehe 21 Juni wakati usiku hauingii giza. La pili nizihifadhi pateni zote za Ebee kwenye kompyuta, kwa sababu wajukuu zake wote wawili wako mjini, mmoja anasomea udaktari mwengine kazi yake ni ya mitandao, na hakuna hata mmoja aliyeshika sindano.

Oktoba 19

Leo nimeziona pateni. Zimo kwenye kopo la bati la chai, ziko 23, zote zimekatwa kwenye gome la birchi, ule mti mweupe, na Wasakha gome lake wanalifanyia kila kitu, hata vyombo vya maziwa wanavishona kwa nywele za mkia wa farasi. Gome limekuwa la rangi ya asali iliyokolea, kingo zimelainika kwa kushikwa. Kubwa kuliko zote ni koguori, ule umbo unaofanana na koili mbili zinazoinuka kutoka shina moja halafu zinapeana migongo, na jina lake ni la chombo cha ngozi cha kumisi, maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Ukiona koguori kwenye nguo ujue ni ya shughuli, ya neema, nyumba iliyoshiba.

Pateni ni za mama yake. Mwaka 1942, katikati ya vita, serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wa makolhozi ya Churapcha, yale mashamba ya pamoja, wakapelekwa kaskazini kuvua samaki wakati wenyewe ni wafugaji, hawana nyavu, hawana nguo za kule, wakafa wengi kwa njaa na baridi. Mama yake Ebee alikuwa msichana. Familia ilikuwa na mapambo ya fedha, yote yaliishia njiani kubadilishana na chakula. Magome haya aliyapanga ndani ya buti, kati ya mguu na ngozi, hakuna aliyeyataka kwa sababu hayaliki na hayauziki, na ndo yaliyorudi nyumbani. Ebee alinieleza haya huku anamenya viazi, hakunyanyua macho.

Oktoba 25

Pantoni ya mwisho mwisho hii. Hapa Yakutsk hakuna daraja la kuvuka Lena, linajengwa lakini bado, kwa hiyo msimu wa joto unavuka na pantoni, msimu wa baridi unapita na gari juu ya barafu, na katikati hapo wakati mto unaganda au unayeyuka unakaa ulipo. Nimeazima kopo zima, nimeapa kulirudisha, nimevuka nalo nimelikumbatia kifuani.

Usiku mzima nimeskani. Pateni zote 23, mbele na nyuma. Halafu nikakaa na programu ya picha nikazisafisha moja moja, nikatoa madoa ya mafuta, mikwaruzo, na vitobo vidogo vidogo vilivyokuwa kwenye kingo, nikanyoosha mistari, zikatoka safi utasema zimechorwa leo. Nimefurahi sana.

Novemba 14

Kitambaa nilichoagiza kwenye duka moja la mtandaoni kimekuja sicho. Niliandika sufu, nikalipa bei ya sufu, nimeletewa plastiki. Nilijua nilipokipiga pasi tu, kiling'aa na harufu ikawa ya mfuko wa rambo unaoungua. Sufu nzito, ile kama ya joho, sindano ikipita nyuzi zinajifunga tena nyuma yake, tundu halionekani, lakini hiki kila tundu linabaki wazi na kitambaa kinateleza juu ya felti ya chini, huwezi kudarizi pindo la mita tatu unusu kwenye kitu kinachokimbia. Muuzaji hajibu. Nimekwenda sokoni, mama mmoja amenikatia sufu nyeusi na nyekundu kutoka rola ambalo anasema lina miaka, imenigharimu mara mbili, lakini ukiishika unajua umeshika kitu.

Desemba 6

Nimemaliza pembe ya kwanza na ya pili, naelekea katikati ya pindo la chini.

Kwa wanaoshona, mshono mkubwa hapa ni wa kulaza. Uzi wa fedha haupenyi kitambaa, unalazwa juu yake ukifuata mchoro, na uzi mwengine mwembamba uliopakwa nta unatoka chini unaubana unarudi, kila milimita mbili, tatu ukizidi. Ukijaribu kuuvuta uzi wa fedha kwenye tundu la sindano unachubuka, ile ganda ya juu inabanduka unabaki umeshika pamba tupu. Kwenye koili ndo tabu, kona inakaza, mishono ya kubana lazima ikaribiane na ikae kama miale kutoka katikati, ikilala upande mmoja koili nzima inaonekana imelewa. Koili moja ya ukubwa wa kifuniko cha soda inanichukua saa mbili. Ndani ya koili najaza kwa mshono wa mnyororo, nyekundu, kijani na njano, na huu namshukuru marehemu bibi, mkono unaenda wenyewe.

Tabu nyengine ni mwanga. Jua linatoka kama saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa mchana lishazama, na kudarizi juu ya nyeusi kwa taa ya meza macho yanauma. Nje jana ilikuwa -44. Mamangu ananipigia akimaliza kuswali adhuhuri, huku ni jioni saa kumi na mbili na nusu, namweka spika nashona anazungumza.

Januari 8

Njia ya barafu imefunguliwa, nimekwenda na basi dogo. Unapita juu ya mto wenyewe, kuna mpaka alama za barabarani, na mie kila safari nasoma Ayatul Kursiy mwanzo mwisho. Simu niliitoa kupiga picha ya farasi waliokuwa wanachimba theluji kwa kwato watafute majani, hawa farasi wa huku wanalala nje msimu mzima wa baridi, manyoya kama blanketi, na betri ikafa hapo hapo, kutoka asilimia 60 mpaka sifuri kwa dakika. Kwa hiyo sikuwa na picha hata moja ya kumwonyesha Ebee, nikatandaza kazi yenyewe mezani.

Akaigeuza. Nyuma akasema söp, sawa. Akairudisha mbele, akaweka kidole katikati ya pindo la chini, pale koili zangu za kulia zilipokutana na za kushoto. Nilijua kuna shida, zilipishana kama sentimita moja na nusu, nikabana ya mwisho kidogo ili zifike, nikasema haitaonekana. Akauliza umeanzia wapi. Nikasema pembeni, kama tunavyoanza sote. Akanyamaza, kisha akasema kwa Kisakha maneno ambayo mjukuu wake aliyekuwepo alisita kuyatafsiri, halafu akatafsiri: "Anauliza meno ya mama yake yako wapi."

Sikuelewa. Ebee akafungua kopo, akatoa ile koguori kubwa, akanishika kidole gumba akanipitishia kwenye ukingo. Kuna kitobo pale, chembamba, na upande wa pili kipo chengine kinacholingana nacho. Si panya, si uchakavu. Mama yake aliking'ata. Ukikata pateni mpya kwenye gome huna kalamu wala chaki karibu, unaukunja uupate wastani, unaweka kati ya meno ya mbele, unauma. Alama moja maana yake hapa ndo katikati, hapa ndo uti wa mgongo wa farasi, sindano inaanzia hapa, unakwenda koili moja kulia, moja kushoto, moja kulia, moja kushoto, ili kama kitambaa kitavutika kivutike sawasawa pande zote na makosa yako yaishie pembeni chini ambako yanafunikwa na shanga. Alama mbili zilizokaribiana maana yake hii pateni unaigeuza, inashonwa mara ya pili kinyume chake.

Na mie hizo alama nilizifuta. Zote. Nilizitoa kwenye kompyuta nikidhani nasafisha.

Nilimweleza Ebee ukweli. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alinimiminia chai ya maziwa, akanisogezea mkasi.

Januari 9

Nimefumua. Wiki tano za kazi zimefumuliwa kwa siku moja na nusu. Uzi wa kubana unakatwa nyuma, kila mshono peke yake, halafu uzi wa fedha unainuliwa mzima mzima na kuviringishwa kwenye kijiti, nao una mawimbi ya koili zilizokwisha kuondoka. Ebee alikaa pembeni yangu muda wote akisokota nyuzi za kano kwa ajili ya kushikizia vibati baadaye, anachana kano za mgongo wa ng'ombe kwa ukucha mpaka nywele, anailowanisha kwa mate, anaisokota juu ya goti, inatoka uzi ambao huwezi kuukata kwa mikono. Hatukuongea sana.

Januari 20

Nimeskani upya zote. Safari hii sijafuta hata doa. Kila alama nimeipa maelezo yake, ni meno mangapi, yako wapi, Ebee anasema inashonwaje, na kila pateni nimemrekodi vidio mikono tu, anaiweka kwenye kitambaa, anaonyesha sindano inaingilia wapi na inageukia wapi. Faili za mwanzo nimeziacha kwenye folda yake, nimeiandikia jina "zilizosafishwa, msitumie".

Februari 22

Naanzia katikati. Koili nne kulia, nne kushoto. Zinalingana mpaka raha.

Machi 15

Nimekwenda tena makumbusho ya Yaroslavsky hapa mjini, ni ya zamani, ilianza 1891, na kuna mavazi ya farasi ya zamani nyuma ya kioo. Vuli nilisimama pale saa nzima nikapiga picha kama 200 za koili, shanga, vibati, kila kitu kwa karibu. Leo nimesimama nikatafuta katikati kwanza, nikaifuata kazi kutoka hapo kwenda nje kama alivyoifuata aliyeishona, unaona kabisa pale alipochoka. Nyingine nyingi ziko mbali zaidi, mtafiti mmoja, Jochelson, alikusanya vitu vya Wasakha mwaka 1902 kwa ajili ya makumbusho ya historia ya asili ya New York, viko huko mpaka leo. Nashukuru vipo. Lakini natamani siku moja mtu akavigeuze atazame nyuma.

Aprili 11

Njia ya barafu itafungwa karibuni, hii ndo safari ya mwisho kabla barafu ya mto haijavunjika. Tumepitia orodha yote na Ebee. Pateni 21 zina maelezo kamili. Zimebaki mbili, moja ina meno matatu kwenye ncha, nyengine ina alama moja lakini haipo katikati, ipo robo. Ebee ameziweka kwenye kiganja, amezigeuza, amezinusa hata, akasema suokh. Hapana. Mama hakumwambia. Alikuwa na miaka 30 mama yake alipofariki na alidhani kuna muda.

Nimeandika "alama haijulikani" kwenye hizo mbili. Nimekaa na hayo maneno kwa muda kabla sijaseva.

Mei 4

Shanga. Bluu, nyeupe na nyeusi, ndo rangi zinazotawala kwenye kazi za zamani. Nazitunga tatu tatu nabana, kwa sababu ukitunga mstari mrefu na uzi ukakatika farasi akikimbia zote zinamwagika uwanjani. Vibati sijapata vya fedha halisi, bei siiwezi, nimenunua vya aloi kwa fundi wa hapa mjini anayechonga kwa mkono, Ebee ameviona kwa vidio akasema söp.

Mei 21

Lena imevunjika. Tumekwenda kuangalia, vipande vikubwa vya barafu vinapandana, mlio wake unausikia kabla hujauona mto. Bitana imekwisha, pindo limefungwa kwa kano, nimepiga bandi ya mwisho kwenye felti na nimetoa nyuzi zote za kushikizia. Sasa nasubiri pantoni.

Juni 15

Ysyakh ya kwao Ebee. Nimefika usiku wa kuamkia, saa sita usiku unasoma kitabu nje. Mbu usiombe, kila mtu ana deibiri, ule mpepeo wa mkia wa farasi.

Farasi ni mweupe, wa jirani, yuko kwenye kunyonyoka manyoya ya baridi kwa hiyo tulimbrashi asubuhi nzima. Ebee mwenyewe ndo aliyetandika. Aliweka chaparaki, akatafuta katikati yangu kwa kidole gumba bila ya kuangalia, akailinganisha na uti wa mgongo, akashusha pande mbili kwa pamoja. Zilifika sawa. Akazunguka nyuma ya farasi, akainua pindo, akatazama chini yake. "Uchugei," akasema. Miezi minane nimeisubiri hiyo.

Msichana wa miaka kumi na tatu hivi alimpanda, kavaa halada'i, ile gauni pana, na pambo la fedha kifuani linalilia kila hatua. Mzee wa dua akanyunyiza kumisi kwenye moto, watu wakaingia kwenye duara la ohuokhai, mmoja anaimba wote wanajibu, na farasi akapita mbele ya watu mara tatu. Jasho lake liliingia kwenye sufu. Shanga mbili zimekatika upande wa kushoto, mbili tu, zile nyengine za mstari zimekaa. Kuna bibi wawili watatu walinivuta kuniuliza koguori ile nimeipata wapi, nikawaonyesha Ebee, wakaenda wakakaa naye, na mmoja akasema kwao nako kuna kopo.

Juni 16

Leo asubuhi Ebee amenipeleka msituni nyuma ya nyumba. Juni ndo mwezi wa kubandua gome, utomvu unapanda, unachana kwa kisu mstari mmoja na linaachia lenyewe kwa mlio kama wa karatasi. Tumechukua kipande kimoja cha ukubwa wa sahani. Tulipokaa barazani alinipa mkasi akaniambia nikate koguori bila ya kuangalizia, kwa kichwa. Nilikunja, nikakata, nikakunjua. Koili moja imenenepa kidogo kuliko mwenzake. Aliishika, akaitazama kwenye mwanga, akanirudishia, akagonga meno yake ya mbele kwa kidole.

Nikaikunja tena nikaitafuta katikati, nikauma. Gome bichi lina utamu kwa mbali, na ladha ya maji ya mvua.

Kwenye orodha nimeiandika pateni namba 24, jino moja, katikati.